Upande Mmoja wa Sinia

Inspekta Nasima hakuketi. Alisimama katikati ya sebule ya Bwana Mwalim pale Sokomuhogo, Mji Mkongwe, akayatazama matakia manne yaliyopangwa juu ya zulia mbele ya televisheni, kisha akauliza swali ambalo hata msaidizi wake, Koplo Mcha, aliliona halina maana.

"Nani hukaa wapi?"

Wanaume wanne waliokuwa wamesimama ukutani wakatazamana. Kidani cha dhahabu kimeibwa, na mwanamke huyu wa polisi anauliza habari za matakia!

Aliyejibu ni Mwalim, mwenye nyumba, mstaafu wa bandarini ambaye jina tu ndilo lililomfanya aitwe hivyo, chaki hajapata kuishika. "Hapa hapakaliwi ovyo, afande. Mimi hapa, kabati nyuma yangu. Pandu pale chini ya dirisha. Talib anaelekeana na Pandu, mgongo kwenye pazia. Na hili la nne lilikuwa la marehemu kaka yangu. Skuizi anakaa huyu."

Huyu alikuwa Anwar, kijana mwembamba mwenye begi la vifaa begani. Mpaka jana asubuhi Mwalim alikuwa akimwita mwanangu.

"Na mkibadilishana?"

"Tunafungwa," alisema Pandu, jirani, mzee mnene aliyekuwa karani wa forodha. Hakuwa akitania. "Msimu uliopita Talib alikalia takia langu kisa feni. Tukapigwa tatu bila. Toka siku hiyo, mtu hata aote mizizi, harukhusiwi kuhama."

Koplo Mcha aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia hoja nzito. Inspekta alimtupia jicho, naye akaacha kuitikia.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumapili usiku wanne hawa walikusanyika hapa kutazama mechi ya watani wa jadi, kama wafanyavyo kila mechi kubwa. Asubuhi yake Bi Mwatum, mama yake Mwalim, alifungua kasha lake lisilokuwa na kufuli ghorofani ili mjukuu wake Sumaiya, binti wa Mwalim, ajaribu kidani pamoja na nguo ya harusi. Kasha lilikuwa na kitambaa kitupu. Nikaha ni Ijumaa, na bwana harusi ni huyohuyo Anwar, fundi umeme wa Jang'ombe, ambaye usiku ule, kwa maneno ya wote, ndiye pekee aliyekwenda ndani akakawia. Leo ni Jumanne. Mwalim alikwishatamka mbele ya mashahidi kwamba jambo hili lisipobainika kabla ya laasiri, nikaha haipo.

Askari waliokuja jana walipekua ghorofani, wakawahoji wanaume wote kwa pamoja, wakaondoka na jina moja. Nasima hakupenda watu kuhojiwa pamoja. Wakikaa pamoja hukubaliana bila kujua kwamba wanakubaliana. Akawaita mmoja mmoja kwenye ukumbi mwembamba nyuma ya pazia, palipokuwa na beseni la kunawia mikono, ubao wa mita ya umeme na ngazi za kwenda juu.

Alianza na Pandu.

"Nieleze wakati wa mapumziko."

"Sinia likaja. Mwalim kalipokea hapa pazia, kaliweka kati. Tukaja kunawa, mmoja baada ya mmoja."

"Nani alinawa mwisho?"

"Talib. Ndo anarudi, hata hajafika kwenye takia lake, umeme ukakatika."

"Mtaa mzima?"

"Hilo ndilo. Sikulifikiria siku ile. Kwa jirani televisheni ilikuwa inazungumza. Nnawasikia wale wachambuzi wakipiga porojo zao. Giza lilikuwa letu peke yetu."

"Mkafanya nini?"

"Tukala. Pilau ya Bi Mwatum mtu haiachi ipoe."

"Gizani?"

"Mdomo wangu nnaujua ulipo, afande."

"Simu zenu hazina tochi?"

"Ya Mwalim ilikuwa chumbani, iko kwenye chaji. Yangu ya kupokelea tu. Anwar alitaka kuwasha yake, Talib kamwambia weka, usimalize chaji, utaihitaji kwenye swichi. Kula kwanza."

"Na mlikula wote wanne?"

"Wote. Talib ndiye aliyetangulia Bismillahi, tena kwa sauti. Tulipomaliza kasema, 'Mwalim, mtume mkweo, si ndo fundi?' Kijana katoka. Alikawia kidogo. Umeme uliporudi kipindi cha pili kinaanza. Mwalim kalitoa sinia, macho yake kwenye mpira, tukaendelea."

Nasima alimshukuru, akamwita Anwar.

Kijana huyu alijibu kwa hasira ya mtu aliyeulizwa jambo moja mara nyingi mno. Swichi kuu aliikuta chini, akaipandisha, basi.

"Iliruka yenyewe?"

"Ile haijui kuruka. Ya kizamani ile, ya kushika kwa mkono. Mtu kaishusha."

"Ulimwambia nani?"

"Nilisema niliporudi. Bwana Talib kanambia nikae chini, mpira ushaanza."

"Kupandisha swichi ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kilichokukawiza nini?"

Anwar akatazama beseni. "Nilikuwa natafuta hitilafu."

"Ya swichi iliyokuwa chini?"

Inspekta alingoja. Kungoja alikuwa hodari, na wengi wasiokuwa na hatia walikwishamchukia kwa hilo.

"Nilisimama mlango wa jikoni," Anwar alisema mwishowe, sauti ikishuka. "Sumaiya alikuwa anaosha vyombo kwa mshumaa. Kanuliza kama nimeshiba. Nikamwambia nimeshiba. Hayo tu, wallahi."

"Bwana Mwalim ulimwambia mengine."

"Sasa nimwambie nilikuwa nazungumza na mwanawe gizani, hata nikaha haijafungwa? Si bora aniite mwizi?"

Nasima aliyaandika. Uongo ni uongo, hata ukiwa na sababu nzuri, na huu ulimweka Anwar peke yake karibu na ngazi kwa muda ambao hakuna shahidi isipokuwa mchumba wake. Mwendesha mashtaka angefurahi.

Wa mwisho alikuwa Talib, mwenye duka la vitambaa Darajani, rafiki wa Mwalim toka wakiwa watoto. Alikuja akinukia udi, kanzu imepigwa pasi, na uso wa mtu aliyekuja kutoa pole.

"Sitaki kumsingizia mtoto wa mtu, afande. Lakini hawa watoto wa Ng'ambo, huko Jang'ombe na wapi, wanakua hivyohivyo."

"Mimi mzaliwa wa Jang'ombe."

Talib hakubabaika. "Basi wewe unawajua kuliko mimi."

"Ulitoka sebuleni Jumapili?"

"Kunawa tu, kama wenzangu. Baada ya hapo nimekaa palepale mpaka filimbi ya mwisho. Nani athubutu kuinuka na mechi inaendelea?" Alicheka kidogo, kisha akasogea karibu. "Wenzako wamepekua ghorofani kwa sababu huko ndiko kilikotoka. Lakini fundi hafichi pahala tunapopajua sisi. Anaficha anapopajua yeye." Macho yake yakapanda mpaka kwenye ubao wa mita, yakashuka.

Nasima aliyaona. "Koplo," aliita.

"Naam, afande."

"Pitisha mkono nyuma ya ubao ule."

Mcha alipanda juu ya kiti, akapitisha mkono katikati ya ubao na ukuta wa mawe, akapapasa huku akikunja uso. Mkono ulitoka na vumbi na utando wa buibui. Kati ya vidole vyake kilining'inia kidani.

Hapo mambo yakawa mambo. Pazia lilivutwa, Mwalim akaingia, akakiona, na chuki aliyoizuia toka jana ikamtoka yote. "Nimekutia nyumbani kwangu! Nimekukalisha pahala pa kaka yangu! Toka, Anwar! Toka kabla sijakuvunjia heshima mbele ya watu!" Anwar alikuwa ameganda, akikitazama kidani kama kwamba kimemtemea mate. Kutoka upande wa jikoni mtu alilia kilio kimoja kifupi, kisha Sumaiya akapita mbio, mtandio usoni, akapanda ngazi. Talib alimshika rafiki yake bega. "Taratibu, Mwalim. Bora imejulikana leo kuliko Jumamosi."

"Hatoki mtu," alisema Inspekta Nasima. "Rudini sebuleni nyote."

Walipobaki wawili, Koplo Mcha alipangusa mikono kwa furaha. "Imekwisha, afande. Swichi yake, ubao wake, na uongo juu."

"Wewe ungeiba kidani hiki, ungekiacha hapa?"

"Kama sina pa kukitia."

"Jumapili alitoka na begi lile la vifaa na hakuna aliyelipekua, maana hakuna aliyejua kuna wizi. Angekuwa nacho kwake toka juzi. Mwizi gani huyo anayeiba ghorofani akaacha mali chini ya ngazi?"

Mcha alikuna kidevu. "Labda hakukitaka."

"Hakukitaka. Alitaka sisi tukione." Nasima alitia kidani kwenye bahasha, akaandika, akaifunga. "Na tulikuwa tunachelewa kukiona, ikabidi tuoneshwe."

"Talib?"

"Kunionesha pahala si wizi. Atasema alibahatisha, na hakuna mahakama itakayomfunga kwa kubahatisha. Wote wanaapa alikuwa kwenye sinia akila. Nenda kasimame mlango wa mbele."

Yeye alikwenda upande wa pili, jikoni, ambako askari wa jana hawakufika kwa kuwa wanaume wageni hawafiki. Bi Mwatum alikuwa juu ya kibao kifupi akikata vitunguu, macho yamevimba, na haikujulikana kama ni vitunguu au ni mjukuu wake.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kimepatikana. Bora kingepotea."

Nasima alivuta kiti cha mbuzi ya kukunia nazi, akakaa pembeni yake, akachukua kitunguu na yeye.

"Wanasema pilau ya Jumapili ilikuwa tamu."

Kisu cha bibi kikasimama. "Nani kasema?"

"Wote."

"Wote!" Bi Mwatum aliguna. "Sinia lilirudi na upande mmoja mzima. Wali vilevile kama nilivyoupanga, hata kidole hakikutiwa. Nimepika miaka yote, mtu akaacha tonge mbili tatu, sawa. Lakini kukaa mbele ya chakula cha mtu usionje! Nilimwambia Sumaiya amwage haraka kabla Mwalim hajaona."

"Wenyewe hawakuona?"

"Taa ilipowaka mpira unaanza. Hapo hata ningewawekea mchanga."

Nasima aliweka kitunguu chini. Watu wanne kwenye sinia moja, kila mmoja anakula mbele yake. Ndivyo walivyofunzwa toka watoto, na hata gizani mkono wa mtu mzima hauvuki kwenda kwa mwenzake. Kwa hiyo upande mzima ni mtu mzima asiyekuwepo.

"Upande upi, bibi?"

"Sinia duara hilo, mwanangu, ntajua wapi?"

"Kila upande ulikuwa sawa na mwengine?"

Bi Mwatum alifikiri. "Hapana. Pandu daktari kamkataza nyama ya mbuzi, namuwekea samaki. Niliweka tasi upande wake, nikamwambia Mwalim aelekeze dirishani." Alitandika kiganja kwenye kanga yake. "Miiba ya tasi ilikuwa huku. Wali mzima ulikuwa huku." Kiganja cha pili kilitua mbele kabisa, kikielekeana na cha kwanza. Akavitazama viganja vyake, na polepole akaviondoa.

"Talib," alisema Nasima.

"Nilijua ni yeye. Nikanyamaza kwa aibu." Sauti ya bibi ilikuwa ndogo sana. "Mwaka jana alileta posa ya mwanawe kwa Sumaiya. Mtoto kasema hamtaki, Mwalim kamrudishia jibu. Nikajua bado ana kinyongo, ndo maana chakula changu hakimgusi mdomo. Sikufikiri jengine."

"Anaweza kusema hakuwa na njaa."

"Anaweza."

"Kulikuwa na nini kwenye upande ule, bibi? Niambie kila kitu, toka juu mpaka chini."

"Wali, nyama, kachumbari. Na chini..." Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Bi Mwatum alitabasamu kidogo. "Mimi humfukia kila mgeni yai la kuchemsha chini ya wali, mbele yake. Toka Mwalim mdogo, na hawa rafiki zake wanalijua, wanalichimba kama watoto. Jumapili mayai yalikosekana duka zima. Nikafukia katlesi za samaki, kila mtu moja."

"Nani alijua?"

"Mimi na Sumaiya. Nani mwengine anaingia jikoni?"

Nasima aliinuka. Aliomba sinia tupu.

Aliliweka mwenyewe katikati ya zulia, akawataka wanne wakae kama Jumapili. Pandu chini ya dirisha, Mwalim mbele ya kabati, Talib akielekeana na Pandu, pazia mgongoni kwake. Anwar ndiye aliyekaa mwisho, kwenye ukingo wa takia, kama mtu wa kuondoka.

"Nataka kumalizia maelezo," alisema Nasima. "Kila mmoja aniambie alichokula. Asijibu mtu mpaka nimuulize. Bwana Talib, wewe ndiye uliyetangulia Bismillahi. Anza wewe."

"Chakula nacho kimeingia kwenye wizi?"

"Nataka kujua nani alikuwepo mpaka mwisho na nani aliondoka chakula hakijesha."

Uso wa Talib ulitulia. Swali hili alilipenda. "Mimi nilikuwepo mpaka mwisho. Pilau, nyama ya mbuzi, kachumbari."

"Mpaka chini kabisa?"

"Mpaka chini." Alimgeukia Mwalim, akatabasamu. "Afande anataka siri za mama. Nilikula yai langu, kama siku zote. Nililiweka la mwisho."

Pandu aliinua kichwa ghafla. Nasima alimnyooshea kidole, akamzuia asiseme, akageuka upande wa pili.

"Anwar?"

"Katlesi," alisema Anwar. "Nilipata katlesi. Habari za mayai ndo nazisikia leo, mie mgeni."

"Bwana Pandu?"

"Katlesi ya samaki. Nikasema moyoni, bibi leo kaghairi."

"Bwana Mwalim?"

Mwalim hakumtazama Inspekta. Alikuwa akimtazama rafiki yake, na ilikuwa kama anamtafuta kwenye uso ule asimpate.

"Katlesi," alisema.

Talib alicheka, lakini kicheko kilitoka peke yake, hakikupata mwenzake. "Gizani! Nani atajua anatafuna nini gizani?"

"Wenzako watatu wamejua. Na upande wako ulirudi jikoni haujaguswa, katlesi iko chini ya wali. Ulinawa mwisho, ukashusha swichi, ukaja ukasema Bismillahi wakakusikia. Halafu pazia liko mgongoni kwako na ngazi ziko nyuma ya pazia. Ulipanda gizani, nyumba hii unaijua toka utoto, ukakitoa kidani kashani. Ulishuka, ukakisukuma nyuma ya ubao, ukakaa, ukasema 'mtume mkweo'."

Kila mtu alingoja akatae. Talib alipanga mikunjo ya kanzu yake juu ya magoti, mmoja mmoja.

"Kidani si kimerudi?" alisema. "Nani kapoteza kitu?"

"Talib." Sauti ya Mwalim ilikatika, akaanza tena. "Umekula kwa mama yangu toka huna meno ya mbele."

"Na mwanangu mkamuona hafai!" Sasa udi na upole vyote vilimtoka. "Mwanangu, mtoto wa mji, mumemrudisha mkaja kumuweka huyu pahala pa kaka yako! Nilitaka umuone ni mtu gani."

"Nimemuona," alisema Mwalim. "Wewe ndiye niliyekuwa sikuoni."

Koplo Mcha alimsindikiza Talib nje. Kwenye kizingiti Talib alivaa viatu vyake taratibu, na hakuna mtu sebuleni aliyegeuza shingo.

Anwar alikuwa ameshasimama, begi begani. Mwalim alinyanyuka na yeye, kwa shida. "Mwanangu..."

"Umenifukuza mbele za watu, mzee."

"Nimekufukuza. Nimekosa."

Anwar hakuondoka. Pandu alikuwa akilitazama sinia tupu kana kwamba linamhusu yeye peke yake. Ndipo pazia liliposogea na Sumaiya akatokea, macho mekundu, birika la maji mkono mmoja, beseni mkono mwengine. Hakuwa amepata kuingia sebule ile ikiwa na wageni wa babake. Alipiga magoti pembeni ya takia la nne.

"Bibi anasema chakula kinaiva," alisema, akilitazama beseni. "Na mayai leo yamepatikana."

Nasima, mlangoni, aliiweka bahasha kwapani, asiondoke.

Mwalim alionesha takia la Talib lililobaki wazi. "Kaa hapa, Anwar. Hapa karibu yangu."

"Hapo tutafungwa." Kijana alishusha begi, akakaa kwenye takia lake. Alimtazama Mwalim usoni bila ya tabasamu. "Sijakusamehe, mzee. Nna njaa tu."

"Haya," alisema Mwalim. "Haya, mwanangu."

Anwar akanyoosha mikono juu ya beseni, na Sumaiya akainamisha birika.